Ploti ya jirani imegeuka msitu? Kabla ya kushika panga, shika kalamu

Unaijua hiyo ploti. Iwe unakaa Bulla Pesa, Wabera, Kulamawe au Tullu Roba, kuna moja kwenye njia yako ya kila siku. Ua ni wa waya uliolegea au mabati yaliyoshika kutu, lango limefungwa kwa mnyororo, na ndani kuna kichaka kinachokuzidi kimo. Mwenyewe hujawahi kumwona. Jina lake hulijui. Unachojua ni kwamba mvua ikinyesha wiki mbili tu, magugu yanafika kwenye dirisha la keja yako, mbu wanaanza nyimbo zao, na dadako mdogo anazunguka njia ndefu akitoka tuisheni jioni kwa sababu hataki kupita pale.

Basi Jumamosi moja wewe na vijana wenzako mnaamua: leo tunafyeka. Panga tatu, reki moja, soda za kujipongeza baadaye. Kazi safi ya mtaa, nani atalalamika?

Ngoja kwanza. Hapa Isiolo, kufyeka ploti isiyo yako kunaweza kukuletea kesi kabla jasho halijakauka. Na ukielewa kwa nini, utajua pia njia ya kuisafisha hiyo ploti bila kugombana na mtu.

MBUZI WALIFUNGIWA NJE

Mtu wa mbali akisikia Isiolo anawaza vumbi na ngamia. Wewe unayeishi hapa unajua jinsi mchanga huu unavyosubiri. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano mfululizo ya mvua iliharibika na mifugo ikafa kwa wingi kaskazini mwa Kenya. Kisha mvua ya El Nino ya mwisho wa 2023 ikaja kwa fujo. Mbegu zilizokuwa zimelala zikaamka pamoja, na kila ploti tupu ikawa shamba lisilo na mkulima.

Ploti iliyo wazi huwa haina shida kubwa. Mbuzi wa mtaa huipitia asubuhi na jioni, wakaimaliza bila kudai malipo. Shida huanza ua unapojengwa. Mbuzi anabaki nje, nyasi zinabaki ndani, na mwenye ua anabaki alikotoka.

Ua nao una historia yake. Machi 2, 2012, viongozi wa Kenya, Sudan Kusini na Ethiopia walikutana Lamu kuzindua mradi wa LAPSSET: bandari, reli, bomba la mafuta, barabara, na miji ya kitalii ambayo mmoja wake ungekuwa Isiolo. Lami ya kwenda Moyale, takriban kilomita 500, ikakamilika. Uwanja wa ndege wa Isiolo ukafunguliwa rasmi 2017. Kila habari ilipotoka, kuna mtu mahali fulani aliyepiga simu kuulizia ploti. Wengi walionunua hawakuwa wanatafuta pa kulala. Walikuwa wanatafuta pa kusubiri bei ipande.

Reli bado haijafika. Wao bado wanasubiri, na wewe unaishi na matokeo ya kusubiri kwao.

SI KILA MWENYE PLOTI NI TAJIRI WA NAIROBI

Ni rahisi kumchora mwenye kichaka kama bosi fulani wa mbali, mwenye tumbo na gari kubwa, aliyesahau hata ploti iko wapi. Wapo wa aina hiyo. Lakini kabla hujamtukana kwenye grupu la mtaa, fikiria wengine.

Kuna mfugaji aliyeuza ng'ombe akanunua ploti mjini ili watoto wake wapate mahali pa kukaa wakisoma. Ukame ukala ng'ombe waliobaki, na pesa ya kujenga ikafa nao. Hana hata ya kulipa kibarua wa kufyeka.

Kuna ploti ya marehemu. Mzee aliaga dunia, urithi haujagawanywa mahakamani, na ndugu hawaelewani. Kila mmoja anaogopa kwamba atakayeisafisha ataonekana kama ameshaichukua.

Halafu kuna ile yenye wenyewe wawili. Hii ndiyo ngumu zaidi. Ploti nyingi za mji huu watu wanazishika kwa barua ya kugawiwa tu, hatimiliki hawana. Wakati mwingine barua mbili zinataja kipande kimoja. Na tusisahau kwamba Septemba 2023 Mahakama ya Juu iliamua, katika kesi ya kampuni ya Torino Enterprises, kwamba barua ya kugawiwa ardhi peke yake haimfanyi mtu kuwa mmiliki. Mwenye barua anajua hilo, au amelisikia. Halali usingizi.

Sasa mpe mtu huyo habari kwamba kuna vijana sita wameonekana ndani ya ploti yake na mapanga. Unadhani atafikiria usafi?

MIAKA 12 INAYOWATIA WATU BARIDI

Kuna kipengele kimoja cha sheria ambacho kila mwenye ardhi Kenya amekisikia, hata kama hajui kinaitwaje. Chini ya Sheria ya Ukomo wa Madai, Sura ya 22, mtu akikaa kwenye ardhi ya mwenzake waziwazi, bila ruhusa na bila kukatizwa kwa miaka 12, anaweza kwenda mahakamani kuomba aandikishwe kuwa mmiliki.

Soma tena yale maneno mawili: bila ruhusa.

Kufyeka nyasi mara moja hakukupi ardhi ya mtu. Hata kulima sukuma wiki pale kwa msimu mmoja hakukupi. Na kanuni hiyo haigusi ardhi ya umma. Lakini hofu haisomi sheria hadi mwisho. Mwenye ploti akiona jirani amefyeka, kesho ameweka mbuzi, kesho kutwa ameegesha mkokoteni, anahesabu miaka. Ndiyo maana wengine huona afadhali kichaka. Kichaka hakidai ardhi.

Kwa upande wako, kuingia bila ruhusa ni kosa chini ya Sura ya 294, ile sheria ya kuvamia ardhi ya mtu. Kwa hiyo mnaweza kumaliza Jumamosi kituoni, mkieleza kwamba mlikuwa mnafukuza mbu.

Lakini angalia upande wa pili. Ikiwa kinachomtisha mwenye ploti ni watu kuingia bila ruhusa, basi ruhusa ya maandishi ndiyo dawa yake na yako. Ukiingia kwa barua yake, ile hesabu ya miaka 12 haianzi. Wewe una kinga dhidi ya kesi, yeye ana ushahidi kwamba ulikuwa mgeni aliyekaribishwa. Karatasi moja, watu wawili wanalala vizuri.

USIANDIKE KUHUSU NYASI, ANDIKA KUHUSU MADHARA

Je, kama mwenyewe hapatikani, au anapatikana na anakujibu kwa dharau? Hapo sheria iko upande wako kuliko unavyodhani.

Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inaorodhesha katika kifungu cha 118 vitu vinavyohesabiwa kuwa kero kwa afya: takataka zilizorundikana, mitaro na madimbwi machafu, majengo yaliyo katika hali ya kuleta maradhi, na ardhi iliyoachwa hadi ikawa hatari kwa afya ya watu. Kifungu kinachofuata kinampa afisa wa afya uwezo wa kumwandikia notisi aliyesababisha kero aiondoe. Asipopatikana huyo, notisi inamwendea anayeishi pale au mwenye mali. Akikaidi, mahakama inaweza kumwamuru, na maafisa wakilazimika kusafisha wenyewe, gharama ni yake.

Angalia lakini sheria inavyoongea. Haisemi ploti iwe ya kupendeza. Hakuna hakimu atakayesikiliza kwamba magugu yanakuharibia picha za Instagram. Inazungumzia maradhi na hatari. Kwa hiyo malalamishi yako yaangalie humo ndani kuna nini zaidi ya majani.

Mbu, kwa mfano, hazaliwi kwenye nyasi. Mchana hujificha humo penye kivuli, lakini mayai hutaga kwenye maji yaliyotuama. Basi tafuta maji: matairi ya zamani, mikebe, msingi wa nyumba uliochimbwa ukaachwa, shimo la choo lisilo na kifuniko. Shimo kama hilo pia linaweza kummeza mtoto. Tazama kama watu wanatupa taka pale usiku. Kama nyoka wameonekana, andika siku na mahali. Na mtu akiumwa, msimfunge kamba wala kumchanja. Mtulizeni, kiungo kisichezeshwe, na mumkimbize hospitali.

"Ploti ina nyasi ndefu" ni lalamiko ambalo ni rahisi kuliweka kando. "Ploti ina msingi uliojaa maji tangu mvua ianze, uko hatua chache kutoka nyumba zenye watoto, na hizi ni picha" ni barua inayohitaji jibu.

KAMA NI MATHENGE, UNA SHERIA YA ZIADA

Chunguza pia ni mmea gani. Kama una miiba mirefu inayotoboa tairi za boda, maganda ya manjano yenye utamu na matawi yanayotambaa kila upande, huo ni mathenge. Uliletwa Kenya kuanzia miaka ya 1970 na 1980 ili kuzuia jangwa na kuwapa watu kuni, kisha ukakataa kukaa ulikopandwa. Mbuzi hula maganda, mbegu hupita tumboni zikiwa nzima, na kila alipoacha kinyesi panaota mti.

Huenda umesikia kisa cha Baringo. Mwaka wa 2006 wakazi wa jamii ya Ilchamus waliishtaki serikali kwa kuwaletea mti huo, na wakampeleka mbuzi asiye na meno mahakamani kama ushahidi wa kile maganda yale yanafanya. Watu walicheka. Lakini mwaka wa 2008 serikali ilitangaza rasmi mathenge kuwa gugu hatari.

Maana yake kwako ni hii: chini ya Sheria ya Kudhibiti Magugu Hatari, Sura ya 325, mwenye ardhi ana wajibu wa kuliondoa gugu lililotangazwa, na mkaguzi anaweza kumwandikia notisi. Asipotii, serikali inaweza kuling'oa na kumdai gharama. Hapa huhitaji kuthibitisha kuna dimbwi. Mti wenyewe ndio kosa.

Na kuna sababu ya kiafya pia. Nchini Mali, watafiti waliondoa matawi yenye maua ya mathenge katika baadhi ya vijiji, wakaripoti mwaka wa 2017 kwamba idadi ya mbu ilishuka kwa karibu asilimia 70. Mbu wakubwa hunywa utamu wa maua hayo ili waishi muda mrefu, na mbu anayeishi muda mrefu ndiye anayepata nafasi ya kueneza malaria.

Ila mkipata ruhusa ya kuukata, msiukate juujuu. Kisiki cha mathenge kikiachwa juu ya ardhi huchipua matawi mengi kuliko mwanzo. Chimbeni, mkate mzizi chini ya usawa wa udongo. Vaeni viatu vigumu, maana sapatu hazizuii ile miiba.

HATUA KWA HATUA

Sasa tufanye kazi. Kwanza, piga picha ukiwa njiani, bila kuingia ndani, na uandike tarehe. Rudia baada ya wiki mbili. Picha mbili za tarehe tofauti zinaonyesha hili si jambo la jana.

Pili, mtafute mwenyewe. Anza na mzee aliyekaa mtaa huo muda mrefu. Msalimie vizuri, "Assalam aleikum, mzee," na uulize kwa upole ploti ni ya nani, bila kutaja kesi. Muulize pia mwenyekiti wa Nyumba Kumi na chifu. Ukijua nambari ya ploti, ofisi ya ardhi inaweza kukuonyesha kama kuna hatimiliki na ni ya nani.

Tatu, ongea naye kabla hujamshtaki. Piga simu, usitume ujumbe wa matusi. Mwambie unachokiona, umtumie picha, umpe muda maalumu, tuseme siku 14. Kama ni yule mfugaji aliyepoteza mifugo, au familia iliyofiwa, utajua hapo hapo, na mazungumzo yatabadilika.

Nne, akikosa kujibu, andika barua kwa afisa wa afya ya umma wa kaunti, nakala kwa msimamizi wa wadi na kwa chifu. Ukurasa mmoja unatosha: ploti iko wapi, kuna hatari gani, tangu lini, nani anaathirika, mmejaribu nini. Wekeni sahihi majirani watano au kumi, maana barua ya mtu mmoja huonekana kama chuki. Hakikisha nakala yako imepigwa muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri, barua yako ni hadithi tu.

Tano, kukiwa kimya, usikate tamaa. Kifungu cha 42 cha Katiba kinakupa haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 70 kinakuruhusu kwenda mahakamani kuitetea, na kinasema wazi kwamba huhitaji kuthibitisha kuwa kuna mtu aliyeumia au kupata hasara. Yaani si lazima mtoto aanguke kwenye lile shimo kwanza.

Hatua hizi zinafaa hata kama mwenye kichaka ni serikali yenyewe. Kuna vipande vya umma mjini vyenye hali mbaya kuliko vya watu binafsi. Kuondoa taka ni jukumu la kaunti kwa mujibu wa Katiba, na barua yenye muhuri inafika huko pia.

KUNA CHAPAA HAPA

Tuseme umempata mwenye ploti, yuko Meru au Nairobi, na anakwambia kwa unyonge, "Kijana wangu, mimi sina mtu huko." Hiyo si mwisho wa stori, huo ni mwanzo wa kazi.

Mwenye ploti wa mbali anahitaji vitu viwili: isigeuke msitu, na asiibiwe. Kundi la vijana wenye kitambulisho na namba ya simu wanaweza kumpa vyote viwili. Mnafyeka kabla na baada ya kila msimu wa mvua, mnamtumia picha, mnamwarifu bikoni zikichezewa au mtu akianza kuchimba msingi. Yeye anawalipa kwa simu.

Andikianeni. Barua iseme: mimi fulani, mwenye ploti nambari fulani, nimewaruhusu hawa wafuatao kuingia kufyeka na kuondoa taka, kuanzia tarehe hii hadi tarehe hii, kwa malipo haya, hawana haki nyingine yoyote juu ya ardhi hii. Sahihi, mashahidi wawili, nakala moja kwa chifu. Sentensi ile ya mwisho usiogope kuiandika. Ndiyo itakayomfanya akuamini.

Kitu kimoja zaidi: kabla ya kukubali kazi, hakikisha anayekuajiri ndiye mwenyewe. Katika ploti yenye barua mbili, upande mmoja unaweza kuwatumia nyinyi kufyeka ili uonekane unaishika. Mkigundua kuna mgogoro, tokeni. Pesa ya siku moja haitoshi kuwa shahidi wa kesi ya miaka kumi.

Na kabla ya yote hayo, geuka uangalie kwenu. Nyuma ya keja yako kuna nini? Lile tanki lililopasuka, ndoo zisizo na vifuniko, maji ya kufulia yanayotuama karibu na bomba? Jirani naye ana simu yenye kamera.

Mvua itarudi, masika au vuli, na zile mbegu ziko pale pale mchangani zinangoja. Ukianza kutafuta jina la mwenye ploti wakati magugu yameshafika dirishani, umechelewa. Mtafute sasa, wakati ardhi ni kavu na hakuna aliyekasirika. Panga utalishika, lakini liwe la pili. La kwanza liwe kalamu.